Ufunguo wa Shangazi

"Nimekuuliza, kopo liko wapi?" Mume alikuwa amelala chali ndani ya gari, kichwa chini ya usukani, miguu ikining'inia nje ya mlango.

"Kopo gani?"

"La vichuma. Nililokupa ushike."

Mke alitazama viganja vyake, kana kwamba kopo lingeweza kuwa bado limo. Kisha akatazama mwisho wa mtaa. Lori la taka lilikuwa limeshakata kona, imebaki harufu tu.

"Si umesema tupa?"

Miguu ikakakamaa.

"Nilisema tupa," sauti ilitoka taratibu. "Tupa ya chuma. Reli ya kiti imeota meno, nilitaka kuipiga tupa."

"Mtu akitaka tupa husema nipe tupa, baba. Wewe umesema tupa, na lori liko mlangoni, na mimi nimeshika kopo la takataka. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Mdomoni nilikuwa nimebana skrubu."

"Basi skrubu ndiyo iliyotupa, si mimi."

Mume alijiinua kwa kuung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, nao ukalia *ka* kwa uzito wake. Alipotoka nje uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyumba yake ikiondoka kwa miguu.

"Ufunguo wa gari ulikuwa humo. Niliuweka mwenyewe, usije ukapotea."

Alikimbia na ndala zake. Alirudi akichechemea, ndala moja mkononi, mkanda umekatika. Lori lilikuwa limeshaimeza taka ya mtaa wote na kuishindilia. Ufunguo wa akiba ulikwisha kuvunjikia kwenye buti zamani, enzi zile mtu bado anaamini atapata nafasi ya kuchonga mwingine.

Gari lenyewe waliliita Shangazi. Lilikuja kukaa siku chache likiwa la mteja aliyeshindwa kulitengeneza, likabaki. Asubuhi lilikohoa kabla ya kusema lolote, na halikupenda mlima. Lakini liliwalisha. Mume alikuwa fundi makochi, mke mshona vitambaa vyake, na makochi yote waliyoyatengeneza yaliingia majumbani mwa watu juu ya kichwa cha Shangazi.

Siku hiyo halikungoja kochi. Binti yao, mpaka rangi wa majumba, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi, na mguu wake ulifungwa plasta kuanzia nyongani mpaka vidoleni, umenyooka kama mpini wa jembe. Daktari alikuwa amemruhusu tangu juzi, na sasa alisema lazima aondoke leo, kitanda kina mwingine anayekingoja. Teksi waliyomwitia juzi ilifika, ikafungua mlango, dereva akautazama ule mguu, akaufunga mlango. Ndipo baba akamwahidi: nitakuja mwenyewe, utalala kama malkia. Akaking'oa kiti cha mbele, mama akashona godoro refu la kutoka dashibodi mpaka kiti cha nyuma, akalivisha mabaki ya mapazia ya maua. Kila kitu kilikuwa tayari. Hata kile kiti kilichong'olewa kilikaa kando ya njia, kimetazama barabara kama abiria.

Simu iliita. Mama akapokea.

"Mama, mmeshatoka?"

"Tunatoka, mwanangu."

"Mmeshatoka au mnatoka? Maana nikilala hapa usiku mmoja tena nitageuka shuka. Wameshaanza kunikunja."

"Baba yako anavaa viatu," alisema mama. Uongo huo ulikuwa na ukweli ndani yake: baba alikuwa anafunga ndala kwa kamba.

Fundi funguo alikuja kwa baiskeli, sanduku limefungwa nyuma. Sokoni walimwita Kitasa, kwa kejeli, maana mdomo wake haujawahi kufungwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Akalipiga gari kofi la upendo. "Na wewe Shangazi, shikamoo. Haya, ufunguo umepoteaje?"

Mke aliinama akaanza kuokota nyuzi ambazo hazikuwepo.

"Umepotea tu," alisema mumewe. "Vitu hupotea."

Mke alimtazama. Wameishi pamoja miaka ya kutosha kumjua mtu anapomfunika mwenzake shuka bila kumwamsha.

Kitasa aliking'oa kitasa cha mlango wa dereva, akakifungua juu ya kitambaa. Mlango na swichi vilitumia ufunguo mmoja, alieleza. Ukikijua hiki umekijua kile. Ndani mlikuwa na vibati vidogo vya shaba, kila kimoja na kimo chake, na meno ya ufunguo lazima yavisimamishe vyote sawasawa, kama wanafunzi mstarini. Kisha akatoa ufunguo mbichi, bapa, usio na meno hata moja.

"Huu ndio nilionao. Za gari hili hawatengenezi tena. Nimeukuta chini kabisa ya sanduku, umeshaanza kunisahau. Tukiuharibu itabidi swichi nzima ing'olewe, na kuipata nyingine mpaka uzunguke kwa wauza vyuma chakavu. Wiki. Mwezi. Shangazi hana haraka."

Akaubana ufunguo kwenye jiriwa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Mama, tupa."

Mume aligeukia ukuta, mabega yakaanza kumtikisika. Mke aliiokota tupa nyembamba kutoka kwenye sanduku, akaiweka kiganjani mwa fundi, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja juu yake.

"Hiyo hapo. Umeishika? Hakikisha umeishika." Akashindwa kumaliza. Alicheka mpaka akashika kiuno, na Kitasa naye akacheka kwa sababu mwenzie akicheka yeye hawezi kubaki nyuma, ingawa hakujua kitu.

Lakini tupa ilipoanza kulia juu ya chuma, kicheko kiliisha. Simu iliita tena, hakuna aliyeigusa. Kitasa aliongeza mwendo.

"Taratibu, baba," mke alisema. "Mimi ni mshonaji. Urefu hupunguzwa, ufupi hauna dawa."

Kitasa akapunguza. Akawa anapiga kidogo, anajaribu, anatazama, anapiga tena, na mke aliyafuata macho yake kama anavyofuata chaki kwenye kitambaa kisicho na akiba. Unga wa shaba ulimwagika mapajani mwa fundi. Hatimaye kitasa kilizunguka. Kikarudi. Kikazunguka.

"Mlango umekubali," alisema.

Akaingia garini, akauchomeka kwenye swichi. Ufunguo uliingia wote, ukagoma kuzunguka. Akausukuma, akautikisa. Wapi. Akautoa, akautazama juani, akachukua tena tupa.

"Jino la mwisho. Nalinyoa kidogo tu."

"Ngoja," mke alisema.

"Mama, nusu ya unywele."

"Nimesema ngoja." Alikuwa amefumba macho. "Baba, ulipotoka chini ya usukani, uliushika?"

"Niliung'ang'ania."

"Ukalia *ka*. Nimeusikia."

Kitasa aliiweka tupa chini polepole sana. "Usukani umejifunga," alisema. "Nami nilikuwa nataka kumng'oa mtu jino zima." Akaurudisha ufunguo, mkono mmoja akautikisa usukani kushoto, kulia, kushoto. Kitu kikaachia ndani. Ufunguo ukazunguka, laini, kama kijiko kwenye uji.

Shangazi alikohoa. Akakohoa tena, akasafisha koo, akaanza kusema.

Mke alikaa. Kilichokuwa karibu kilikuwa kile kiti cha kando ya njia, akakikalia, huku gari linatetemeka mbele yake. Mumewe alikuja akasimama karibu. Alivuta kipande cha kamba nyekundu ya mshono wa kochi kilichokuwa kimemning'inia mkewe shingoni, akakata kwa meno, akaenda kuufunga ufunguo.

Walifika wodini jua likiwa bado juu ya paa. Binti aliingizwa garini miguu kwanza, kama mkate tanuruni, na alipolala akayashika maua ya godoro.

"Haya si mapazia ya sebuleni?"

"Yalikuwa," mama alisema kutoka nyuma, akimwekea kichwa mapajani.

Shangazi alishuka taratibu, akiepa mashimo. Binti alimenya ndizi aliyoibakiza toka mchana, akaila yote, akatazama dirisha wazi kisha ganda mkononi.

"Hili ganda nilifanyeje?"

Kwenye kioo, macho ya baba yalikutana na ya mama. Kamba nyekundu iliyumba chini ya ufunguo, ikagusa goti la baba, ikaondoka.

"Shika tu, mwanangu," alisema baba mwishowe.

"Mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani," alisema mama.

Binti aliwatazama, mmoja juu yake kichwa chini, mwingine kisogo. Akaliweka ganda kifuani, akalifunika kwa kiganja.