Helmeti Aliyoichagua Zuwena

Mume wangu nguo namchagulia mimi. Shati, suruali, hata kandambili za kuogea. Sasa niambie, mwanaume huyo, fundi wa kuchomelea vyuma, anakwenda Kisarawe kufunga mageti, anarudi hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege na helmeti mpya ya kuchomelea, namuuliza kaipata wapi, ananijibu bila hata haya: "Kanichagulia Zuwena."

Zuwena yupi? Zuwena binti Shomari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Zuwena aliyekuwa mchumba wake kabla yangu. Moyo uliniwaka.

Pazi, mume wangu, hakuona tatizo. Miaka yote alichomelea na miwani ya jua, kama mafundi wengi hapa barabarani, na jioni macho yakimuuma namwekea vipande vya kiazi kibichi, kichwa kakilaza mapajani mwangu. Sasa akaanza kurudi macho meupe, hayamuumi, anakula, anaangalia mpira. Kiazi hakitaki tena. Na kila asubuhi anajivika kitu cha Zuwena kichwani, mimi namtazama tu.

Ijumaa moja, alipokwenda msikitini, nikaivaa. Kiza kitupu. Hata mkono wangu mwenyewe siuoni. Nikasema ahaa, leo nimekukamata. Mwanamke umeachwa, unampa mwanaume kitu cha kumpofua, halafu unajifanya mwema? Nikaitia kwenye mfuko, nikampa kondakta wa basi la Kisarawe amrudishie mwenyewe dukani. Kisha nikaenda kwa machinga, nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka nikapata inayoonyesha. Nyekundu, ina mchoro wa chui, na ukiivaa unaona mpaka kuku wa ng'ambo ya barabara.

Pazi aliigeuzageuza. "Mama Bilali, hii mbona inaonyesha sana?"

"Ndiyo uzuri wake. Au umeshazoea kiza cha Zuwena?"

Mwanaume wa watu afanyeje? Akaivaa ili nyumba ipate amani.

Alichomelea nayo geti kubwa kutwa nzima. Kulipokucha hakuweza kufumbua macho. Yamevimba, machozi yanachuruzika, anasema yamejaa mchanga. Kiazi changu hakikufua dafu. Daktari akatuambia ni mwanga wa moto wa kuchomelea; safari hii atapona, ila akiendelea hivyo atapofuka. Pazi akaupapasa mkono wangu, akaushika, wala hakunilaumu. Bora angenifokea.

Nikaenda Kisarawe. Nilijipamba, sisemi uongo, nikatia wanja na kuvaa kanga mpya, maana sikutaka anione nimechakaa. Nikamkuta Zuwena kakaa nyuma ya mizani anapima misumari. Mzuri, Mungu anisamehe, mzuri kuliko nilivyosikia. Ile helmeti ilikuwa kwenye rafu nyuma yake.

"Mimi mke wa Pazi," nikasema. "Nimeifuata ile."

"Karibu, Mama Bilali. Macho yake yakoje?"

Yanakuhusu nini, ndivyo nilivyotaka kumwambia. Nikajikuta namweleza yote, mpaka habari ya kuku.

Hakucheka. "Kile kiza ndiyo kinga yenyewe, dada," akasema. "Fundi anaweka chuma sawa akiwa ameinua helmeti, anaishusha, ndipo anawasha. Mwanga wa moto ndio unaomwonyesha kazi. Hata Pazi siku ile alitaka yenye chui, nikamkatalia." Akaishusha kutoka kwenye rafu, akaifuta vumbi, akaishika kidogo kabla ya kunipa. "Mimi aliniacha, na nililia. Lakini sikumtakia upofu. Na wewe unaye."

Mimi ninayejulikana kwa mdomo mtaa mzima nikanyoosha mikono miwili. Nikaipokea, nikashukuru, nikatoka.

Njia nzima wivu uliniuma kuliko nilipokuwa nakwenda. Uzuri wake ningeuvumilia, wanja unauzwa kila duka. Lakini kunizidi mimi kumpenda mume wangu? Hilo nilirudi nalo mpaka nyumbani.

Nilimwekea Pazi ile helmeti mikononi. Akaipapasa, akaitambua.

"Nani kakupa?"

"Zuwena," nikasema, na kulitaja jina lile kulinigharimu. "Ukipona utavaa hii, hiyo ya chui nimeshaitupa. Ila siku kioo chake kikipasuka, kwenda Kisarawe nitakwenda mimi."