Ama Baada ya Salamu

Mtu aliyewahi kuandikiwa barua ya Kiswahili anajua kuwa ukurasa wa kwanza si barua, ni kubisha hodi. Hapo mwandishi anakujulia hali, anakusifu, anakushukuru hata kwa usiyoyatenda, anawasalimia watoto wako mmoja mmoja. Kisha anaandika "Ama baada ya salamu", nawe unakaa kitako, maana shida inakuja. Nakiete Mshana alilijua hilo tangu utotoni Upare, alipokuwa akimsomea bibi yake barua za wanawe. Ndiyo maana Jumatatu ile, katika chumba cha nyaraka cha Jumba la Amani, makumbusho yaliyo mitaa ya Bloomsbury, Uingereza, alipofika chini ya karatasi moja ya mwaka 1926 akakuta maneno hayo, akaigeuza na kukuta nyuma ni peupe, damu ilimchemka.

Mwandishi wa barua ile alikuwa Mbazi Mshana, baba wa babu yake. Aliwaandikia wakubwa wa Shirikisho la Mataifa kule Geneva, chombo kilichoundwa baada ya vita vikuu vya kwanza ili dunia isipigane tena. Kwa jina la chombo hicho Waingereza walikabidhiwa Tanganyika waitunze kama amana. Na pale kijijini hakuna asiyejua barua ile ilizaa nini. Wazee walimtuma Mbazi akawasemee juu ya ndiva yao, lile bwawa la kumwagilia ambalo mababu walilichimba kwa mikono, kwa kuwa maji yake yalikuwa yamegeuzwa kwenda kwenye shamba la katani la mzungu. Miezi ikapita. Siku moja Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya wakati huo, akaitisha baraza, akatangaza kwamba Geneva imefurahi sana kupokea shukrani za Mbazi Mshana. Shukrani! Watu wakamtazama Mbazi, naye akaapa mpaka povu likamtoka, lakini nani amsikilize? Wakasema kahongwa. Tangu siku ile ukoo wake unaitwa wa kina Asante, na katika zamu za ndiva unapata maji mwisho, wenzao wakishamaliza, yakiwa yamebaki matope. Mpaka leo. Baba yake Nakiete, Mzee Eliamani, ana miaka themanini na mbili, na bado anainga ndege wasile punje katika shamba lililonyauka huku jirani yake akivuna.

Basi mwanamke huyu, anayeishi Thamesmead na kuhudumia wazee majumbani kwa zamu, alipoona kwenye kundi la simu la kanisa kwamba Jumba la Amani linatafuta mtu wa kutafsiri barua za zamani kutoka Upare, hakuuliza malipo. Aliomba siku zake za mapumziko, akapanda basi na treni. Alikuwa anaitafuta barua hiyo hiyo. Sasa ameipata, na imebaki kichwa bila kiwiliwili.

Alimfuata Lorraine, mkuu wa maonyesho. Lorraine amezaliwa Peckham, wazazi wake Wakenya, Kiswahili anakielewa vizuri ila anajibu kwa kuchanganya na Kiingereza. Ndiye aliyeichagua barua ile isomwe na mtafsiri siku ya ufunguzi wa maonyesho. Alikuwa ameisoma mwenyewe, akaipenda, na kibao cha maelezo kilishachapwa: mwenyeji wa Tanganyika alishukuru Shirikisho la Mataifa. Nakiete akamweleza kwamba hizo ni salamu tu, barua yenyewe haipo. Lorraine akamsikiliza kwa upole wa mtu ambaye ana kikao kingine.

"But Auntie, it says asante four times," akasema. "Mimi naona it's complete. Na tunahitaji one positive voice, otherwise ukuta wote ni malalamiko."

Ningekuwa mimi ningemrushia kibao kile. Nakiete hakurusha kitu. Alimuuliza kama amewahi kupokea barua ya Kiswahili maishani mwake, hata moja. Lorraine akacheka, akasema bibi yake wa Kisii alikuwa anapiga simu. Hilo si kosa lake, tuwe wakweli. Kosa lake ni kuambiwa na asisikie.

Nakiete akasema anataka kulalamika rasmi. Akapewa fomu. Chini kabisa iliandikwa kwamba kila lalamiko lipitie kwa mkuu wa idara inayolalamikiwa, naye ndiye atakayeamua kama lifike juu. Mkuu wa idara alikuwa Lorraine. Nakiete akaisoma mara mbili, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ametafsiri kanuni za Shirikisho la Mataifa zilizotundikwa ukutani. Kanuni zilisema mwenyeji ana haki ya kupeleka malalamiko yake Geneva, ila lazima ayapitishe kwa serikali ile ile inayomtawala. Zikasema pia kwamba malalamiko yenye lugha ya ukali hayatapokelewa. Yaani mwizi ndiye tarishi, na ukimwita mwizi barua haifiki. Miaka mia imepita, na kanuni imebadilisha karatasi tu.

Aliyemsaidia ni Ulrich, mzee wa Kijerumani anayetunza nyaraka, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Alichukua ukurasa ule, akauelekeza kwenye taa, akamwonyesha kona ya juu. Palikuwa na matundu mawili na doa la kutu. Karatasi hii ilibanwa kwa pini na nyingine, akasema, na kutu haidanganyi. Nyaraka zote zile zilitoka katika sanduku la Bwana Shauri mwenyewe, lililoletwa na wajukuu zake alipokufa. Kama hakuichoma, imo humo.

Walitafuta Jumatatu, wakatafuta Jumanne. Jumatano kabla ya saa sita Ulrich akaja na karatasi moja, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Matundu yakakaa juu ya matundu, kutu juu ya kutu. Ilikuwa imefungwa pamoja na risiti za kununulia risasi za kuwindia. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa penseli: ukali mno, nimetuma salamu tu, kwa nakala.

Nimetuma salamu tu. Nakiete alikaa chini. Alilia kwa hasira, kile kilio kisicho na machozi mengi, kinachouma taya. Akaipeleka kwa Lorraine, ambaye safari hii aliisoma akisimama, na uso ukambadilika. Kwa dakika moja Nakiete alidhani amepata mtu. Kisha Lorraine akasema ufunguzi ni kesho, wafadhili wanakuja, na lugha ya ukurasa huu ni nzito. Akaomba kesho Auntie asome ule wa kwanza kama walivyopanga, huu watautafutia nafasi baadaye, labda kwenye tovuti.

"Nimekuelewa, mwanangu," Nakiete akamjibu. "Nitasoma barua."

Alhamisi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Nakiete alivaa kitenge, akashika simu mkononi, nayo ilikuwa hewani. Upande wa pili alikuwa baba yake, ameketi barazani nyumbani Upare. Jana yake alikuwa amemwomba amwite mwenyekiti wa ndiva, yule mgawa zamu, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Mbazi kwa jina la Asante.

Alisoma ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, taratibu, na asante zote nne. Watu wakatabasamu. Akasoma, "Ama baada ya salamu," akanyamaza. Wakaanza kupiga makofi. Lorraine naye akapiga, akamwashiria ashuke. Nakiete akainua mkono mpaka makofi yakafa yenyewe, akafungua mkoba, akatoa nakala aliyopigiwa na Ulrich.

"Hizo zilikuwa salamu," akasema. "Sasa nasoma barua."

Akasoma. "Maji ya ndiva yetu yamekatwa, huu ni mwezi wa saba sasa. Mahindi yamekauka na watoto wawili wa nyumba yangu wamekufa, Nanzia na Kihiyo, nawaandika majina mpate kuwajua. Tumeambiwa nchi yetu imewekwa mikononi mwa Mwingereza kama amana, nanyi ndio mashahidi. Amana hulindwa. Mlinzi anayekula amana ni mwizi. Nimeambiwa barua hii lazima nimkabidhi Bwana Shauri, huyo huyo ninayemshitaki. Ninamkabidhi kwa mkono wangu. Akiifungua, yeye naye asome: wewe ni mwizi. Nisipopata jibu nitajua hamkuipata, ama mliipata na ninyi ni wezi wenzake. Mimi Mbazi Mshana, nimetumwa na watu wote wa ndiva."

Alitafsiri neno kwa neno, hakulainisha hata moja. Wafadhili walitazama viatu vyao. Ulrich alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Lorraine alishuka jukwaani, akaenda ukutani, akasimama mbele ya kile kibao chake kwa muda mrefu bila kukigusa. Kama alikiondoa baadaye au hakukiondoa, Nakiete hakungoja kuona. Hakuja kwa ajili ya ukuta wao.

Aliweka simu sikioni. Kule Upare palikuwa kimya, mbuzi tu wakilia kwa mbali. Akaita baba, akaita tena. Aliogopa mtandao umekatika.

"Nipo," Mzee Eliamani akasema. "Mwenyekiti yupo. Ameketi chini." Kukawa na minong'ono. "Anasema urudie pale panaposema nani alimtuma."

Nakiete akaufunua ukurasa tena, pale pale mbele ya wageni, akasoma kwa sauti ya kufika Upare bila simu: "Nimetumwa na watu wote wa ndiva."