Mkoba Ulioishia Katikati

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mwenyewe hakulikataa jina hilo. Alifuma kila kinachofumika: vitambaa vya meza, kofia za watoto wachanga, shali, mikoba ya kwendea sokoni, na wakati mmoja, kwa ubishi tu, kifuniko cha kiti cha pikipiki. Alikuwa na chumba kidogo cha mbele kilichotazama barabara, chenye meza, viti viwili na rafu ya nyuzi iliyopangwa kwa rangi. Ukimwambia kitu fulani hakifumiki, ulikuwa umemchokoza, na baada ya muda ungeletewa hicho kitu mlangoni.

Jambo moja tu lilikuwa limemshinda, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliolewa na dereva wa lori, mgane mwenye binti mmoja. Binti huyo alipewa utotoni jina la utani la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kufunga. Lakini tangu mama yake afariki, Chiriku alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Alimwamkia Fundi asubuhi, akaosha vyombo bila kuambiwa, akajibu "ndiyo, mama mdogo" au "hapana, mama mdogo", kisha akaingia chumbani kwake. Hakuwahi kumkosea adabu hata siku moja. Fundi angefurahi wangegombana, walau wapate la kusuluhishana.

Ndiyo maana siku Chiriku alipoingia kwenye chumba cha mbele, akasimama kando ya meza na kifurushi mkononi, Fundi aliacha kazi ya mteja papo hapo.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na mkoba, au tuseme mkoba uliofika nusu. Ulifumwa kwa uzi mnene wa pamba, rangi ya udongo, nyuzi mbili zikienda pamoja ili uwe mgumu wa kubeba vitabu. Kitako kilikuwa imara kiasi kwamba ulisimama wenyewe juu ya meza. Na kuanzia kwenye kitako hicho, misokoto minene ilipanda pande zote kama kamba za katani, nyuzi zikipishana, za upande mmoja zikipita juu ya za upande wa pili. Halafu, juu kidogo ya katikati, kazi ilikatika. Kitanzi cha mwisho kilikuwa kimeshikwa na pini, na uzi uliobaki ulikuwa umezungushwa ukawa donge.

Chiriku alieleza kwa ufupi. Mama yake alikuwa akimfumia mkoba wa kwendea chuo, tangu yeye akiwa bado darasa la chini, kwa kuwa mama alishaamua kwamba mwanawe atasoma mbali. Sasa chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwita, na siku ya safari ilikuwa inakaribia.

"Mama mdogo, unaweza kunimalizia?" aliuliza.

Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu Fundi aingie nyumba ile. Fundi alijibu kwamba ataufuma kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Binti alipotoka, alikaa akiutazama ule mkoba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga naye bado hajui kumshika. Alijua vizuri alichokuwa akipewa. Akikimaliza vizuri, huenda mlango ule wa chumbani ungebaki wazi. Akikiharibu, binti angeondoka na adabu zake, na wangebaki kuwa watu wa kuamkiana mpaka uzeeni.

Alivaa miwani, akaanza kuukagua.

Hapo sasa niseme ukweli, maana Fundi mwenyewe asingeusema. Marehemu alikuwa amemsumbua muda mrefu. Si kwamba alimtokea ndotoni. Alimsumbua kwa sifa. Majirani walimsifu kwa upole, mume alimsifu kwa kunyamaza kila jina lake lilipotajwa, na hata sufuria zake zilikuwa bado zinang'aa. Kwa hiyo Fundi alipogeuza mkoba huku na huku, akaona misokoto yote inalalia upande usio wake, na vichwa vya vitanzi vimeelekea kinyume cha vinavyotakiwa, moyo wake ulichangamka kidogo. Aliinama karibu zaidi. Ni kweli, mkoba mzima ulikuwa umefumwa kinyumenyume. Alikofundishwa yeye, mwalimu angekupiga kofi la mkononi kwa kosa kama hilo.

"Kumbe na wewe ulikuwa unakosea," alimwambia marehemu, kwa sauti ya chini, wala hakuona haya.

Mizunguko ya chini hakuigusa. Hakuwa mwendawazimu. Lakini mzunguko wa mwisho, ule ambao misokoto ilikuwa imetoka kupishana, aliona akiuacha vile kazi yake yote itakayofuata haitashikana nao. Alitoa pini, akavuta uzi. Ulifumuka taratibu, kitanzi baada ya kitanzi, ukitoka umejikunja vile ulivyokaa miaka yote ile. Kisha akaingiza kulabu yake ya kufumia, akaurudia mzunguko mzima kwa njia iliyo sahihi, mkono ukienda mbio. Alipomaliza aliusogeza mkoba mbali, akautazama. Mzunguko wake ulikuwa safi, umenyooka, hauna dosari. Pia ulionekana kama kiraka. Alijipa moyo kwamba akiongeza mingine juu yake jicho litazoea.

Jioni mume alikuwepo nyumbani, jambo ambalo kwa mtu wa lori halitokei kila siku. Walikula wawili, kwa kuwa Chiriku alikwenda kuchukua sare kwa mshonaji. Fundi, akiwa bado na raha yake ya mchana, aliuliza kwa kujifanya hamnazo marehemu alifundishwa kufuma na nani.

Mume alitafuna kwanza. Alikuwa mtu wa kupima maneno kama anayelipia kila neno.

"Alijifundisha mwenyewe," alisema. "Kila aliyejaribu kumfundisha alishindwa. Si alikuwa mashoto, kama huyu mwanawe."

Fundi aliacha kutafuna.

Mashoto. Kwa hiyo hakukuwa na kosa lolote. Mtu anayefuma kwa mkono wa kushoto huzunguka upande mwingine, na misokoto yake hulala upande mwingine, kama vile sura yako kwenye kioo. Fundi alilijua hilo kwa kusikia tu, kwa kuwa kule alikojifunzia mashoto wote walilazimishwa kushika kwa kulia, na hakuwahi kuona kazi ya mtu aliyeachwa afume alivyozaliwa. Naye alikuwa ameuchukua mzunguko wa mwisho uliofumwa na mkono ule, akaufumua kwa kuusahihisha. Alisukuma sahani kando. Mume aliuliza kama chumvi imezidi, akaambiwa hapana.

Kesho yake, mume alipoondoka na lori na Chiriku akiwa uani anafua, Fundi alijifungia chumba cha mbele. Alifumua mzunguko wake mwenyewe, akahamishia kulabu mkono wa kushoto. Mkono ule ulikuwa umezoea kushika uzi tu, na sasa ulifanya kazi kama wa mtoto anayejifunza kula na kijiko. Kulabu ilitoboa uzi ukachanika nyuzinyuzi, vitanzi vingine vikawa vikubwa vya kupitisha kidole, vingine vikabana kama vimekasirika. Alijaribu tena na tena. Yeye aliyefuma mpaka kiti cha pikipiki alishindwa kupishanisha msokoto mmoja, na akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Wazo la kunyamaza lilimjia, tena lilikuwa wazo zuri. Angeufuma upya kwa kulia, angeweka kitambaa kigumu ndani, angeshona vizuri, nani angejua? Chiriku hakuwa mfumaji. Tangu mama yake afe hakutaka hata kushika kulabu. Fundi alilizungusha wazo hilo kichwani muda mrefu. Kilichomshinda ni kwamba binti yule angekwenda nao chuoni, angeupapasa akiwa na upweke, na sehemu atakayoipapasa kwa kudhani ni ya mama yake isingekuwa yake.

Alimwita kutoka uani. Chiriku aliingia huku anafuta povu mikononi, akauona mkoba mezani, na uzi uliojikunja umelala pembeni. Fundi alimweleza yote bila kujitetea. Alimwambia pia kwamba alifurahi alipodhani mama yake amekosea, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakusanya mkoba na uzi, akaenda navyo chumbani, akafunga mlango polepole bila kuubamiza. Fundi angependelea aubamize.

Siku ile ilipita kama zilivyopita za awali. Chiriku alipika, akatenga, akaosha vyombo. "Ndiyo, mama mdogo." "Hapana, mama mdogo." Fundi alirudi kwenye kazi za wateja, akakosea rangi ya shali moja, akaiacha ilivyo.

Asubuhi iliyofuata Chiriku aliingia chumba cha mbele na mkoba. Hakuketi. Alisema maneno ambayo bila shaka aliyapanga usiku.

"Uzi ni ule ule alioushika yeye. Na mimi ni mashoto. Nionyeshe."

Fundi alimvutia kiti kando yake, kama alivyozoea kufundisha. Haikwenda. Kila alichofanya Fundi kwa kulia, Chiriku alipokifuata kwa kushoto kilimgeukia, kulabu zikagongana na viwiko vikasukumana, mpaka uzi mmoja ukawazunguka wote wawili na ikabidi wajifungue. Chiriku alicheka kidogo, akaficha. Hapo ndipo Fundi alipopata akili. Alibeba kiti chake, akakiweka upande wa pili wa meza, wakawa wanatazamana uso kwa uso.

"Usifuate maneno yangu," alimwambia. "Nitazame tu kama unajitazama kwenye kioo."

Mkono wa kulia wa Fundi ulikwenda, na mkono wa kushoto wa Chiriku mbele yake ukaenda nao. Fundi alikuwa na kipande chake cha mfano, Chiriku alikuwa na mkoba. Ruka vitanzi hivi, fuma vinavyofuata, rudi sasa kwa vile ulivyoviruka, vipitishe kwa mbele, kaza. Msokoto wa Fundi ulilala upande mmoja. Wa Chiriku ulilala upande wa pili, sawasawa na ile iliyokuwa chini yake. Binti aliutazama, kisha akaupapasa kwa kidole kutoka kitakoni mpaka juu, na hakukuwa na mahali kidole kilipokwama.

Mzunguko ule wa kwanza, ule wa uzi uliojikunja, ulitoka na mabonde. Fundi alimuuliza kama angependa kuurudia. Chiriku alisema uzi huo umeshafumuliwa vya kutosha.

Fundi alikubali kwamba hilo alistahili kuambiwa.

Kuanzia hapo walikaa mezani pale kila walipopata nafasi. Na mikono ilipokuwa na kazi, mdomo wa Chiriku ulianza kufunguka, kwanza kwa maswali ya vitanzi, halafu kwa mambo mengine: mwalimu wao wa baiolojia aliyeogopa mijusi, rafiki yake aliyekataa uuguzi kwa sababu ya damu, mama yake alivyokuwa akifuma huku anaimba vibaya sana. Fundi alisikia kwa mara ya kwanza kwamba marehemu hakuwa na sauti nzuri, na safari hii hakufurahi, alicheka tu. Wateja waliopita kuulizia kazi zao waliambiwa warudi baadaye. Mmoja alinung'unika, akapewa kiti akae asikilize.

Siku moja kabla ya safari kiwiliwili kilikamilika. Fundi alikuwa ameshashona ndani kitambaa kigumu cha turubai ili vitabu visiuvute mkoba ukalegea, lakini kwa nje hakuacha hata kitanzi kimoja cha kwake. Alikuwa ameshaliwaza hilo na kuridhika nalo, au karibu kuridhika. Ilibaki mikanda ya kushikia. Alipima uzi, akamsogezea Chiriku upande wa pili wa meza, akaanza kumweleza namna ya kuanza msokoto mwembamba usionyumbuka.

Chiriku aliurudisha uzi.

"Mikanda fuma wewe," alisema.

Fundi alimkumbusha kwamba ya kwake italala upande mwingine. Watu wataona. Mkoba utaenda huku na mikanda itaenda kule.

"Najua. Fuma kwa mkono wako ulivyozoea," alisema Chiriku. "Si ndiyo nitakayokuwa nimeishika njia nzima, mama?"

Fundi alichukua kulabu. Alihesabu vitanzi vya kuanzia, akakosea, akafumua. Akahesabu tena, akakosea pale pale, na Chiriku, aliyekuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono akamshikia uzi.