Kengele ya Nchi ya Malundo

Mashati mia mbili ya sare yalirudi yote, kola zinakaba. Mwalimu aliyeyaleta hakugomba. Alisema tu kwamba shule inafunguliwa baada ya siku kumi, na yasipokuwa tayari atatafuta mafundi wengine. Bi. Sikudhani, mkuu wa chama cha akina mama washonaji wa Kilosa, aliwafokea wenzake wote kumi na tisa, hata mfagiaji hakusalimika. Kisha akalaza kichwa juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi isiyo na nyumba hata moja iliyokamilika. Huku milango elfu imelundikwa, kule mapaa yanaoza yakingoja kuta, na juu ya lundo refu kuliko yote ameketi Bwana Lundo, anapiga makofi kila lundo linapoongezeka. Miguuni pake yuko mkewe, Bi. Kimya, kidole mdomoni, na mafundi wanapita wameinamisha vichwa. Bi. Sikudhani akavutiwa na bidii yao, maana ilifanana na ya kwake.

"Bidii wanayo, mwanangu," akasema mama mmoja aliyekunja mikono ya gauni, mlango mmoja kwapani. Jina lake Jaribu. "Wanachokosa ni kuuliza mapema. Mimi hutia mlango mmoja, nikaingia, nikatoka. Ukikwaruza, naurekebisha kabla sijachonga wa pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Na fundi akiuona huo ufa?"

"Huvuta kengele, kazi ikasimama, wenzake wakaja kumsaidia. Ilikuwa hivyo zamani."

Kengele ilining'inia juu ya nguzo, kamba yake ya katani imekatwa. Bi. Sikudhani akauliza ni nani aliyeikata. Jaribu akamtazama mkono. Kwenye makali ya mkasi wake zilikuwa nyuzi za katani.

Kwa aibu akautupa mkasi, akapanda lundo la milango, akavua futi yake ya kupimia shingoni, akaifunga kwenye kipande cha kamba kilichobaki, akavuta kwa nguvu zake zote. Kengele ikalia nchi nzima. Bwana Lundo akaporomoka pamoja na milango yake, Bi. Kimya akatimua mbio, na mafundi wakasimamisha nyumba moja, kuta, paa na mlango, watu wakaingia kwa vigelegele.

Alipozinduka, Havijawa, mshona kola, alikuwa anafumua uzi wa kola kimya kimya.

"Mwanangu, kola uliziona zinakaba?" akauliza Bi. Sikudhani.

"Niliziona, mama. Tangu shati la kwanza." Akaendelea kufumua. "Ila siku ile niliposimamisha kazi kwa sababu ya mikono ya mashati, ulinifokea mbele za watu."

Bi. Sikudhani akaelewa kamba ile ilikatwa lini. "Nisamehe," akasema. "Leo tunashona upya shati moja tu, tukamvalishe mtoto kwanza."

Shati likamkaa mtoto. Wakashona matano, kisha kumi. Siku ya tatu Havijawa akanyoosha mkono, akasema bega linavuta. Cherehani zote zikasimama, na wa kwanza kufika pale alikuwa Bi. Sikudhani. Siku ya tisa mashati mia mbili yakaingia shuleni, na hakuna hata moja lililorudi.