Sarafu Mbili za Wilhelmina

Wilhelmina alipokuwa hai aliwategea binti zake kitendawili kimoja mpaka wakakichoka: nyumba ya duara, mlango wa pembe nne, mgeni pekee aingiaye ni kamba. Jibu walilivaa shingoni. Kila mmoja alikuwa na sarafu ya kale ya Kichina, yenye tundu la mraba katikati na maandishi ambayo mtaa mzima wa Kirumba, Mwanza, hakuna aliyeweza kuyasoma. Babu yao, aliyekuwa mpagazi, ndiye aliyezileta kutoka pwani, ndivyo walivyoambiwa.

Lakini babu alileta moja tu. Hayo Getruda, binti mkubwa, aliyasikia kwenye matanga ya mama yake, ulimi wa shangazi ulipoteleza: "Nyingine aliitengeneza fundi wa shaba. Mama yenu alichoshwa na vilio vyenu."

Ya fundi ni ipi? Getruda hakuona haja ya kuuliza. Bila shaka ni hii yake mwenyewe! Selina ndiye kitinda mimba, ndiye aliyewekewa kichwa cha sato, ndiye ambaye mama alikata roho mikononi mwake. Tangu siku ile, kila akiiona ile sarafu ikining'inia kifuani kwa mdogo wake, mate yalimgeukia nyongo.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Wageni walimiminika Mwanza kutafuta minofu ya sangara, na wengine walinunua hata vitu vya kale. Mzee Josephat, aliyewahi kufanya kazi makumbusho huko Dar, akafungua chumba Nyamagana cha kuvikagua.

"Dada, tuzipeleke," Selina akasema. "Tujue moja."

"Unataka nichekwe mbele za watu?"

"Basi tusiende."

"Tutakwenda!"

Asubuhi ya siku ya kwenda, Getruda aliteremka ziwani na sarafu yake. Akaisugua kwa mchanga na majivu, kama wanawake wa soko la Mwaloni wanavyosugua sufuria za harusi, akamalizia kwa ndimu. Ikang'aa kama jino la dhahabu. Moyo ukamtulia kidogo. Hata kama ya Selina ndiyo ya kweli, yake ndiyo itakayopendeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Haya, leteni."

Mzee Josephat akabandika kioo chake jichoni. Alipoiona ya Getruda akakunja uso.

"Nani kaiosha hii?"

"Mimi. Ilikuwa chafu."

"Uchafu huo ndio umri wake, mama."

Getruda akamtupia Selina jicho, aone kama anacheka. Hakucheka.

Mzee akazipima kwenye mizani, kisha akaibandika moja juu ya nyenzake. "Hii ya mdogo wako imepungua upana wa unywele. Ukichukua umbo la sarafu ukalimiminia shaba, ikipoa hunywea. Tena maandishi yake yamevimba, kama uso ulioumwa na nyuki. Hii ni nakala." Akaidokoa ya Getruda kwa sindano, ndani kabisa ya mikato ya maandishi, pale majivu yaliposhindwa kufika. "Kijani hiki ni kigumu kama jiwe. Hakipakwi, kinaota kwa mamia ya miaka. Hii ni ya kweli. Ila kwa mnunuzi umeshaiua, hatatoa hata robo."

Habari ya mnunuzi ilimpita. Neno alilolisikia lilikuwa moja tu. Ya kweli! Mama alimpa yeye! Akageuka haraka, asikose kuuona uso wa Selina ukianguka.

Selina alikuwa akiipitisha kamba kwenye sarafu yake, taratibu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada. Hongera."

"Na huumii?"

"Nilikuwa najua. Mama aliniambia nikiwa darasa la nne. Alisema, 'Yako ni ya fundi. Mwachie dada yako ile ya babu, yeye akikosa hulia mpaka homa.' Akaniomba nisikwambie."

Miaka thelathini mama na Selina wametazamana juu ya kichwa cha Getruda, kama watu wazima mbele ya mtoto.

"Alikwambia wapi?"

"Jikoni."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Sikumbuki, dada."

"Na mangapi mengine alikwambia huko jikoni?"

Getruda akaisukuma sarafu yake juu ya meza mpaka ikagota mkono wa mdogo wake.

"Tubadilishane."

"Dada! Yangu si ya bandia?"

"Nipe hivyo hivyo."

Selina, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumnyima dada yake kitu, akaifumbata ile sarafu ya fundi.

"Hii hapana, dada," akasema. "Hii sikupi."