Kiti cha Mwenye Gari

"Huyu ni dereva wangu," Mwalimu Kipruto alimwambia polisi, akanielekezea kidole bila kugeuza shingo. "Na vifaranga walioko nyuma ni wangu."

Polisi akaisoma barua ya msamaha wa ushuru, akaitazama kadi ya ulemavu, kisha akaitupia jicho suruali ya mzee, iliyokunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kulia. Akarudisha karatasi kwa mikono miwili.

"Safari njema, mwalimu."

Vifaranga mia sita wale walikuwa wangu. Gari nalo nilikuwa nimelilipia tangu Januari, mpaka shilingi ya mwisho. Lakini pale kwenye kizuizi cha Kamukuywa nilikuwa dereva wa mzee mwenye mdomo mchafu, na kama ningeufungua wangu, gari lingelala kituoni.

"Ungesema asante," akasema tulipoondoka.

"Kwa kuniibia vifaranga?"

"Kwa kukuokoa. Halafu wacha kukanyaga breki kama mtu anaua nyoka. Hii gari naijua."

Nililinunua kwa haraka, hilo nakiri. Kazi yangu ni kuchukua vifaranga wa siku moja hapa Kitale, ninakopanga chumba, na kuwapeleka kwa wafugaji wa Bungoma hadi kwetu Myanga. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwapakia kwenye magari ya watu, juu ya magunia, chini ya magodoro, na kila wiki nilifungua makasha nikakuta wengine wamekufa kwa joto. Niliposikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu anauza gari lake, Fielder nyeupe, nilikwenda siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya mguu, sasa ulikuwa unamla macho. Kikanyagio cha mafuta kilikuwa kimehamishiwa kushoto kwa breki ili aendeshe kwa mguu uliobaki. Nilikagua injini, magurudumu, kikanyagio chenyewe, hata chini ya mazulia. Sikuuliza kwa nini bei ilikuwa ya kutupa.

Aliyeniambia ni Ivy, mwenye saiba, kibanda cha kompyuta, pale Bungoma, anayewafanyia watu shughuli za kuhamisha umiliki wa magari kwa mtandao.

"Sellah, hii gari iliingia nchini bila ushuru kwa sababu ya ulemavu wake," alisema. "Haihami jina mpaka miaka minne iishe. Ama ulipe ushuru wote."

Akanionyesha hesabu kwenye kioo cha kompyuta. Ilizidi nusu ya bei niliyonunulia.

"Na kabla ya hapo, kazi ya gari ni kumbeba yeye. Wakikupata umepakia biashara na yeye hayumo, wanaishika."

"Imebaki muda gani?"

"Kama miezi mitano hivi. Tarehe kamili iko kwa barua ya mzee."

Niliendesha hadi Kitale nikiwa nimeuma meno. Nilimkuta mzee kwenye baraza, na Chesang, mke wa mwanawe, akianika mahindi uani.

"Nirudishie pesa zangu," nilisema.

"Pesa iko hapa." Akagusa jicho moja, kisha la pili. "Wameyachoma na mashine mara tatu huko Eldoret. Na bado wewe nakuona kama ukungu. Mbona usiende kuwadai?"

"Ulinificha!"

"Uliniuliza?"

Nilimwita tapeli. Aliniita mtoto aliyesomea cheti cha kutundika ukutani. Tuliendelea hivyo mpaka kuku wa jirani wakahama. Mwishowe akagonga gongo lake sakafuni.

"Basi nibebe. Si unasafiri Jumanne na Ijumaa? Nitakaa mbele. Tarehe ishirini na tano mwezi wa sita muda unaisha, unaliandikisha gari kwa jina lako, tunaachana."

"Mbebe tu, dadangu," Chesang akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye mahindi. "Hata mkikawia huko, sisi hatutakasirika."

Nikambeba. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilimchukua langoni kwake saa kumi na mbili asubuhi. Barua hakuniruhusu kuishika. Aliitoa mwenyewe mfukoni kwenye kila kizuizi na kuirudisha mwenyewe. Aliijua kila kona kwa sauti na kwa mtikiso. "Hapa Kiminini. Punguza. Nimesema punguza." Nilimshusha Kanduyi, ambako vizuizi vya polisi huishia, kwenye hoteli ya chai, nikaenda kugawa vifaranga mjini, Kibabii na Myanga, kisha nikarudi kumchukua, nikimkuta anagombana na mwenye hoteli kuhusu mandazi.

Kilichoniuma zaidi ni kiti. Pale mbele, bila yeye, yangekaa makasha mawili ya vifaranga mia mia. Siku moja nilimwomba apakate moja tu.

"Mimi ni mwenye gari," alisema. "Si mchukuzi."

Ijumaa ya tarehe ishirini Juni, baada ya kugawa mzigo, nilipita kwa Ivy kuuliza nije na nini siku ya kuhamisha jina. Nilikuwa na furaha ya mtu anayehesabu siku za mwisho za kifungo.

Ivy akanishangaa. "Lakini muda si uliisha tarehe tatu?"

"Nani alisema?"

"Mzee mwenyewe alinipigia tarehe nne. Akanitumia picha ya ile barua nimsomee, nikamwambia miaka minne iliisha jana yake. Nilidhani amekwambia. Si huwa mko pamoja?"

Nilimchukua mzee pale Kanduyi. Alisema maneno yake yote peke yake hadi Webuye: chai ilikuwa maji, mwenye hoteli mwizi, mimi nimechelewa. Tulipopita Misikhu nikaegesha kando ya barabara na kuzima injini.

"Hapa si kwangu," akasema.

"Ulimpigia Ivy tarehe nne."

Akaushika mfuko wenye barua.

"Safari tano, ukihesabu ya leo," nilisema. "Makasha kumi. Vifaranga elfu moja ambao wangekaa hapo ulipokalisha uongo wako. Na pale Kamukuywa leo asubuhi bado unawaambia mimi ni dereva wako!"

"Sasa unataka nini?"

"Tuhamishe jina. Sasa hivi."

"Namba ya siri inakuja kwa simu yangu." Akalipapasa koti lake. "Mimi nikishuka hapa, namba inashuka na mimi. Kwa hivyo ongea vizuri, msichana."

"Nimeongea vizuri miezi mitano!"

"Hiyo ilikuwa vizuri?"

Nikachomoa ufunguo. Nikamshika mkono, nikaufungua kwa nguvu, nikauweka ufunguo kiganjani mwake.

"Gari ni lako, si ndivyo unavyowaambia? Haya. Endesha."

Lori la miwa likapita, gari zima likatikisika. Mwalimu Kipruto alikaa na ufunguo mkononi. Kidole gumba chake kilitembea polepole juu ya meno ya ufunguo, moja baada ya jingine. Halafu nikaona mguu wake wa kushoto ukisogea. Ukanyooka, ukakanyaga zulia la mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ukakanyaga tena.

Nilijua nimefanya jambo baya. Sikulirudisha.

Alitia mkono mfukoni, akatoa simu, akaninyooshea upande ambao siko, karibu na kioo cha mbele. Ilibidi niufuate mkono wake.

"Mwambie Ivy atume," akasema. "Soma mwenyewe. Mimi si unajua sioni."

Nikampigia Ivy kwa simu yangu. Namba ikaingia kwenye ya mzee. Nikazisoma tarakimu sita kwa sauti, naye mzee akazirudia moja moja chini kwa chini, kama mwalimu anayeita majina darasani. Ivy akasema ombi limetoka kwa mzee, sasa nikubali upande wangu. Nikakubali. Akasema tayari.

Mwalimu akanirudishia ufunguo.

"Sasa ni lako. Utanifikisha nyumbani, ama hata hiyo niombe?"

Nilimfikisha. Hatukuagana. Chesang alifungua lango, akatutazama wote wawili, akaamua kutouliza.

Jumanne iliyofuata nilipakia makasha manane badala ya sita, mawili yakiwa kwenye kiti cha mbele, nimeyafunga mkanda. Nilikuwa nimepanga kupita kwake bila hata kupiga honi. Njia ya kwenda Bungoma inapita langoni mwake. Hilo si kosa langu.

Alikuwa amesimama nje. Koti, kofia, magongo, sikio limeelekezwa barabarani. Hakuinua mkono. Alilisikia gari tangu lilipokuwa kwenye kona, nina hakika, kwa sababu uso wake ulilifuata. Hata leo siwezi kusema kwamba nilimwonea huruma. Nasema tu kwamba mguu wangu wa kushoto ulitoka kwenye mafuta.

Nikateremsha kioo. "Kiti kina watu."

"Watu gani?"

"Vifaranga mia mbili."

"Warudishe nyuma."

"Nyuma kumejaa. Ukipanda, unawapakata. Makasha yote mawili."

"Mimi si mchukuzi."

"Na mimi si dereva wako."

Nikaweka gia. Nyuma ya lango Chesang alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi.

"Ngoja!" mwalimu akafoka. "Haraka ya nini? Ulilelewa wapi wewe?"

Alipanda. Nikayapanga makasha mapajani mwake, moja juu ya jingine, mpaka yakamfika kidevuni. Alilalamika kuhusu harufu hadi Kiminini. Kuanzia hapo alilalamika kwamba wale wa kasha la juu wamenyamaza, nimewanyima hewa, nifungue kioo, ninataka kuwaua?

Nikafungua kioo.

Kamukuywa alikuwepo polisi yule yule. Akainama dirishani, akaona kofia juu ya makasha, akatabasamu.

"Mwalimu! Leo umepakata vifaranga wako mwenyewe?"

Kifaranga mmoja alilia. Mwalimu Kipruto alikaza mikono kwenye kasha, akatazama mbele, kwenye ule ukungu wake.

"Si wangu," akasema. "Karatasi muulize mwenye gari."