Jumbe Mia Tisa za Ardis

Tangu Jumamosi simu ya Ardis Tveit ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimla moyo. Alikuwa ametuma jumbe mia tisa kwa majirani wa kaunti nzima, kila mmoja kwa jina lake, akiwaomba kura ya ukamishna wa baraza la kaunti. Alitaka jambo moja tu: kituo cha ambulansi kisifungwe. Ambulansi ile ndiyo iliyomwongezea marehemu mumewe miaka minne. Mpinzani wake, Kurt Hellerud, alisema kituo ni mzigo, wagonjwa wangojee gari la mjini, maili hamsini.

Hakuna aliyejibu. Hata wa kumwandikia ACHA, neno la kukataa jumbe zaidi, kama watu wa Dakota Kaskazini wafanyavyo wakichoshwa na siasa, hakutokea. Mjane wa miaka sabini na moja, dereva wa basi la shule aliyewabeba nusu ya wapiga kura hao wakiwa na makamasi puani, leo hastahili hata kufukuzwa! Aliumia sana. Na kwa kuwa kwao mtu akiumia hasemi, aliacha kwenda mkahawani kunywa kahawa ya asubuhi. Jumapili kanisani alimpita Delores Brekke bila salamu. Delores, rafiki yake wa chanda na pete kwa miaka arobaini, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Jumatatu asubuhi alimkuta Duane Ostby kituo cha mafuta. Duane hubishana na kila mtu. Aliwahi kubishana hata na kadi ya rambirambi.

"Duane, hata wewe? Hata tusi moja?"

"Nikutukane kwa lipi, Ardis? Sijapata kitu chako. Kurt kaniletea tatu, zote nimemjibu. Ya mwisho mke wangu kasema nimezidi."

Ardis akaipigia kampuni ya simu palepale garini. Baada ya muziki wa nusu saa, akapokea dada mmoja mpole.

"Jumbe zako zote zilizuiwa, mama. Kampeni yako haijaandikishwa kwetu."

"Mbona simu iliandika zimetumwa?"

"Zilitumwa. Hazikufika."

"Na za Kurt zilifikaje?"

"Siwezi kumzungumzia mteja mwingine. Ila kampeni za vyama hujiandikisha mapema."

"Basi niandikishe sasa hivi."

"Huchukua wiki tatu, mama."

Kura ilikuwa kesho yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; hawa walimnyonga na wala hawakumwambia kwamba amenyongwa.

Akawasha gari. Kwao kura huombwa, hata ndugu humwomba ndugu, na asiyeomba huonekana ana majivuno. Hadi jua linazama alikuwa amebisha milango thelathini na minane. Alipofika kwa Delores alisimama getini, aibu ya Jumapili ikamrudisha nyuma. "Huyu ni wangu," akajiambia, "haombwi." Akaondoka.

Alishindwa kwa kura tano.

Alhamisi Delores alikuja na bakuli la viazi vya kuoka na nyama, chakula wanachopelekewa wafiwa. Hakukaa.

"Hadi Jumatatu mji mzima ulisema hukumwomba mtu," alisema. "Mimi nilikutetea. Nikasema ngojeni, mimi ataniomba."

"Jumbe zangu zilizuiwa, Delores. Kampuni ilizizuia zote. Wewe ulikuwa wa kwanza kabisa."

Delores akavuta kiti.

"Na Jumatatu? Nililiona gari lako getini. Nikateleka kahawa, nikatoa vikombe viwili."

Ardis akainamia bakuli la viazi.

"Ulipoondoka nikawaambia wanangu na wake zao, kama yeye hatuhitaji sisi, tusijipendekeze," Delores alisema, machozi yakimlengalenga. "Tuko wapiga kura saba kwangu, Ardis. Wote tulibaki nyumbani."